Duka ni bure, akaunti ni bure, sa mbona watu waliwaka? Stori ya Epic na dili za kufungia gemu

Zilikuwa zimebaki siku 18 tu gemu ya Metro Exodus itoke. Watu wameshailipia mapema Steam, duka kubwa la mtandaoni la gemu za kompyuta, ukurasa wake uko pale miezi kibao, alafu tarehe 28 Januari 2019 ikatangazwa kwamba kwenye kompyuta gemu hii itauzwa Epic Games Store, duka jipya la kampuni ya Epic, peke yake kwa mwaka mzima. Waliokuwa wameshalipa wakaambiwa msihofu, yenu itakuja Steam kama mlivyoahidiwa na apdeti zote mtapata, ila kama wewe ulikuwa unajivuta vuta unasubiri hela iingie ndo ununue, basi umeachwa. Valve ambao ndo wenye Steam wakabandika tangazo kwenye ukurasa wa gemu wakisema wanaona uamuzi huo si wa haki kwa wateja wa Steam, hasa baada ya gemu kuuzwa mapema kwa muda mrefu vile. Duka kumsema hadharani mtu anayeliletea mzigo sio kitu unakiona kila siku.

Basi moto ukawaka. Watu wakaenda kwenye gemu za zamani za Metro, ambazo hazijamkosea mtu, wakazimwagia rivyu mbaya mpaka alama zikaporomoka. Miezi miwili baadae ikaja zamu ya Borderlands 3, ikatangazwa mwanzoni mwa Aprili kwamba itatoka Septemba na itakuwa Epic peke yake kwa miezi sita, na Borderlands 2 iliyokuwa Steam ikala kipigo kilekile.

Sasa mtu asiyecheza gemu ukimsimulia haya anakuangalia tu. Epic ni bure kudanlodi, akaunti ni bure, gemu ni ileile, kompyuta ni ileile, hamna anayekuambia ukanunue konsoli mpya. Ni ikoni moja tu ya ziada kwenye skrini. Kelele za nini? Na hata wenyewe wanaocheza waligawanyika, kuna waliokuwa wanasema hivohivo kila siku, "ni lancha tu jamani tulieni", yani programu tu ya kufungulia gemu, na kuna walioapa hawatagusa Epic mpaka wanaingia kaburini. Mie nadhani tatizo lilikuwa kwamba pande hizi mbili hazikuwa zinabishania kitu kimoja, ndo maana hata leo ukiigusa hii mada watu wanaanza upya kama vile hawajawahi kuongea.

Tuanze na hela maana ndo mzizi wenyewe.

Steam ilianza 2003 na kwa miaka mingi makato yake yalikuwa asilimia 30. Gemu ikiuzwa dola 60, Valve anachukua 18, anayeuza anabaki na 42, na hapo bado hajalipa kodi, hajalipa wafanyakazi, hajalipa matangazo. Asilimia 30 ilishazoeleka kila mahali, Apple alikuwa anakata hivo, Google hivo, kwenye konsoli hivo, kwahiyo ilionekana kama sheria ya asili vile. Mwisho wa Novemba 2018 Valve akapunguza kidogo, ila angalia alivyopunguza: gemu ikishaingiza zaidi ya dola milioni 10 makato ya kinachofuata yanashuka mpaka asilimia 25, na ikipita milioni 50 yanashuka mpaka 20. Yani mwenye nacho ndo anaongezewa. Studio ndogo ambayo haitakaa iione milioni 10 ikaendelea kukatwa 30 yake, na watengenezaji wadogo hawakufurahi hata kidogo.

Siku chache tu baada ya hapo, Desemba 2018, Epic wakafungua duka. Hawa ndo wenye Fortnite, gemu ambayo tangu 2017 ilikuwa inawaingizia hela kama bomba limepasuka, na ndo wenye Unreal Engine, injini ambayo studio nyingi duniani zinatumia kujengea gemu zao. Wakaja na makato ya asilimia 12. Na kama gemu yako imejengwa kwa Unreal, ile asilimia 5 ambayo kawaida unawalipa kwa kutumia injini yao wanakusamehe kwa mauzo ya dukani kwao. Kwa gemu ileile ya dola 60 unakatwa 7.20, unabaki na 52.80. Tofauti ya zaidi ya dola 10 kwa kila kopi sio mchezo, kwa studio ndogo hiyo ni tofauti kati ya kutengeneza gemu ya pili na kufunga ofisi.

Kwahiyo ukiangalia upande huo Epic ni mkombozi kabisa. Na Tim Sweeney, bosi wa Epic, alikuwa anajieleza hivo hivo, Aprili 2019 alisema hadharani kwamba Steam wakikubali kuwaachia watengenezaji wote asilimia 88 moja kwa moja bila masharti mazito, Epic wataachana na hizi dili za kufungia gemu. Steam hawakukubali bila shaka, na mie sidhani kama alitegemea wakubali.

Ila makato madogo peke yake hayakutosha, na hapa lazima uelewe kwa nini. Mtu mwenye gemu mia mbili Steam, marafiki wake wote wako Steam, sevu zake (pale alipofikia kwenye gemu) ziko Steam, picha zake, mafanikio yake yote (zile tuzo za ndani ya gemu) ya miaka kumi yako kule, huwezi kumhamisha kwa kumwambia eti kwenye duka letu aliyetengeneza gemu anapata zaidi. Atakuambia hongera, alafu ataendelea kununua Steam. Kampuni kubwa za gemu zilijaribu maduka yao, EA tangu 2011 na Origin yao, Ubisoft walikuwa na Uplay, na EA mwisho wa 2019 walirudi Steam wenyewe na gemu mpya mkononi, Ubisoft nao wakafuata 2022. Mteja wa Steam hahami kwa maneno. Epic wakapiga hesabu kwamba njia pekee ya kumhamisha ni kuhakikisha kitu anachokitaka hakipatikani kule.

Na namna walivyofanya sio hongo ya kwenye bahasha kama watu walivyokuwa wanaongea. Kwa sehemu kubwa ilikuwa ni hela ya uhakika. Epic anamuuliza mtengenezaji, wewe unategemea kuuza kopi ngapi maduka yote ukiyajumlisha? Tuseme laki moja. Haya, mimi nakuhakikishia hela ya kopi laki moja, hata ukiuza elfu thelathini hela yako iko palepale. Ukipita laki tunaendelea kugawana kwa asilimia zetu, usipofika hasara ni yangu. Ndo maana yake. Ukiwa wewe ndo una studio ya watu watano, mmekaa miaka mitatu mnatengeneza kitu ambacho hamjui kama kuna mtu atakinunua, na kwenye akaunti zimebaki hela za mishahara ya miezi minne, utamwambia nini huyo mtu? Mie ningesaini kabla hajamaliza sentensi.

Kwa gemu kubwa hela ilikuwa kubwa vilevile. Epic walipomshtaki Apple 2020 na kesi ikasikilizwa 2021, nyaraka zilizotoka pale zilionyesha dili ya Borderlands 3 ilifika kama dola milioni 146 ukijumlisha na vyote vilivyoambatana nayo. Gemu ya Control ilikuwa euro milioni 9.49, hiyo ilijulikana mapema kupitia hesabu za kampuni iliyokuwa inaisambaza.

Sasa hapo ndo utaona kitu ambacho kwangu ndo kiini cha hasira yote. Kwenye hii biashara kuna watu watatu, duka, mtengenezaji na mnunuzi. Duka linapata wateja wapya. Mtengenezaji anapata makato madogo na hela ya uhakika. Mnunuzi anapata nini? Anapata kuambiwa ahame. Epic walishindana na Steam kweli, ila walishindania watengenezaji, sio wanunuzi. Mnunuzi ndo alikuwa bidhaa inayobebwa kutoka huku kwenda kule. Na watu hata kama hawajui kuieleza kwa maneno ya uchumi wanaisikia tu, mtu akikusogeza kama kiti unajua.

Unaweza kusema basi bei itashuka, si makato yamepungua? Na kwa Metro Exodus kweli ilishuka, Marekani ilitoka dola 60 ikawa 50. Fanya hesabu hapo utaona kitu kitamu. Asilimia 12 ya 50 ni 6, anayeuza anabaki na 44, ambayo ni dola 2 zaidi ya zile 42 ambazo angepata Steam kwa bei ya 60. Yani mnunuzi kapunguziwa dola 10 na muuzaji bado kaongeza. Kama gemu zote zingefanya hivo nadhani stori ingekuwa tofauti kabisa, ila hazikufanya. Borderlands 3 ilitoka kwa dola 60 kama kawaida, na nyingine nyingi hivohivo, tofauti yote ikaishia kwa wasambazaji.

Kwa nini bei haikushuka? Jibu jepesi ni kwamba hamna mfanyabiashara anayepunguza bei kama watu wanalipa iliyopo. Ila kuna jibu lingine lililofika mpaka mahakamani. Mwaka 2021 studio moja ya Marekani inaitwa Wolfire ilimshtaki Valve kwa madai kwamba Valve anawabana watengenezaji wasiuze gemu zao rahisi zaidi kwenye maduka mengine, hata kama huko makato ni madogo. Valve anakana, na Novemba 2024 mahakama iliruhusu kesi iendelee kwa niaba ya kundi zima la watengenezaji. Kama madai hayo yana ukweli basi hata Steam ambayo watu walikuwa wanaitetea kwa machozi ina mkono wake kwenye kufanya ushindani usimfikie mnunuzi. Hapa ndo napenda watu wapunguze ushabiki kidogo.

Alafu kuna duka lenyewe. Jamani lile duka lilikuwa tupu. Lilifunguliwa bila rivyu za wanunuzi, bila kuhifadhi sevu mtandaoni, bila mafanikio, bila sehemu ya watu kuulizana gemu inagoma wapi, na kubwa kuliko yote halikuwa na kikapu. Duka la kununulia vitu halina kikapu! Kikapu kilikuja Desemba 2021, miaka mitatu kamili. Mei 2019 walifanya seli kubwa ya kwanza ya punguzo la bei, watu wakafurahi wakaanza kununua gemu moja moja maana hamna namna nyingine, na baadhi yao akaunti zikafungiwa kununua kwa sababu mfumo uliona gemu nyingi kwa haraka ukadhani ni mwizi wa kadi. Kwenye seli hiyohiyo Epic walikata dola 10 kwenye gemu kibao zikiwemo ambazo hata hazijatoka, baadhi ya wasambazaji wakashtuka wakaziondoa gemu zao kwa muda. Ungeandika hii kwenye tamthilia wangekuambia umezidisha.

Na kwa mtu anayetumia Linux badala ya Windows kwenye kompyuta yake ilikuwa mbaya zaidi. Agosti 2018 Steam walileta Proton, kitu kinachofanya gemu za Windows zicheze Linux, watu wa Linux ndo kwanza wameanza kuona mwanga, miezi minne baadae linakuja duka ambalo halina kabisa programu ya Linux na linaanza kuchukua gemu. Hawa hasira yao ilikuwa na msingi kuliko ya wote alafu ndo waliosikilizwa kidogo kuliko wote, kwa sababu ni wachache. Kwao haikuwa ikoni ya ziada, kwao gemu iliondoka, kwisha.

Ila ukiniuliza ni wapi Epic na washirika wake walikosea vibaya nitakuambia ni kwenye ahadi. Bei na kikapu ni mambo ya kuvumilika. Angalia mfano wa Hades. Hii nayo ilianzia Epic, Desemba 2018, ikiwa bado inajengwa, ikakaa huko mwaka mzima, ikaja Steam Desemba 2019, ikamalizika rasmi Septemba 2020 ikabeba tuzo kila kona. Uliwahi kusikia vita ya Hades? Kelele zilikuwa kidogo sana. Hamna aliyekuwa ameahidiwa, gemu ilitangazwa na kuuzwa siku ileile, hukupata muda wa kuisubiri sehemu nyingine.

Sasa linganisha na Phoenix Point. Hii ilijengwa kwa michango ya mashabiki tangu 2017, watu wametoa hela zao kabla hata ya gemu kuwepo na ahadi ilikuwa watapata kopi za Steam au GOG, duka lingine la gemu. Machi 2019 wakaambiwa itakuwa Epic kwa mwaka wa kwanza. Studio ikatoa nafasi ya kurudishiwa hela kwa anayetaka, sawa, ila fikiria unavyojisikia: wewe ulimkopesha mtu imani wakati hana kitu, alipopata tajiri akakuambia chukua hela yako uende. Shenmue 3 ilikuwa hivohivo na kubwa zaidi, mashabiki walichanga zaidi ya dola milioni 6 mwaka 2015, Juni 2019 wakasikia kopi zao za kompyuta zitakuwa za Epic. Walikasirika mpaka ikabidi watafute namna ya kurudisha hela, na Epic nao wakasema gemu zilizochangiwa zikiingia dili kama hizi huko mbele wao watagharamia wanaotaka kurudishiwa. Kwamba walilazimika kusema hivo inakuonyesha hata wao walijua hapo walipitiliza.

Ubisoft gemu yao ya Anno 1800 waliifanya kivyao, iliuzwa Steam mapema mpaka siku inatoka, Aprili 2019, alafu ikaondolewa. Ulikuwa kama mnada wa kinyume, watu wakakimbilia Steam kuilipia kabla haijafungwa, hata ambao pengine wangesubiri bei ishuke. Sijui kama kuna duka limewahi kutangaziwa vizuri namna hiyo na mtu anayelikimbia.

Rocket League ni kesi ya aina yake. Epic hawakulipia kuifungia, waliinunua studio nzima Mei 2019. Gemu ilikuwa Steam tangu 2015, watu wakaishambulia kwa rivyu siku ileile, na Septemba 2020 ilipofanywa ya bure ikatolewa Steam kwa wapya, ingawa waliokuwa nayo waliendelea kuicheza kulekule. Kwahiyo hofu ya 2019 haikuwa ya kichaa, ilichelewa tu kutimia, na ilitimia kwa upole kuliko walivyotegemea.

Kuna hofu nyingine ambayo ilikuwa nyepesi zaidi ila ilisambaa kama moto wa nyika. Tencent ya China ilinunua asilimia 40 hivi ya Epic mwaka 2012, basi ikageuka kuwa Epic ni jasusi anasoma kompyuta yako. Ushahidi wa kupeleka data kwa Tencent hamna aliyeuleta. Ila Epic walijipaka matope wenyewe, Machi 2019 watu walikuta lancha yao inanakili faili la Steam kwenye kompyuta yako lenye orodha ya marafiki kabla hujaruhusu. Epic wakasema ni kwa ajili ya kukuletea marafiki ukikubali na hawatumi chochote bila ruhusa, Sweeney akakiri kwamba ilifanywa kwa haraka na akasema watarekebisha. Mtu anayekuogopa tayari ukimkuta anachungulia mfuko wako, hata kama alikuwa anatafuta kiberiti tu, hapo umeshamaliza kazi ya kumshawishi.

Na hapa lazima niseme kitu kuhusu mashabiki pia maana sio malaika. Agosti 2019 studio ya watu wawili inayotengeneza Ooblets, gemu ya kulima na kufuga viumbe wanaodansi, walitangaza wamechukua dili ya Epic. Wakaeleza wazi kabisa kwamba ile hela ya uhakika inalingana na ambacho wangetegemea kupata wakiuza maduka yote, ila wakaandika kwa mzaha mzaha wa kuwatania wanaokasirika. Mzaha haukuwa na busara, nakubali. Ila kilichofuata ni maelfu kwa maelfu ya ujumbe wa matusi na vitisho, kuna waliotengeneza mpaka picha za uongo za vitu ambavyo hawakusema. Watu wawili! Kampuni yenye mabilioni ipo pale haina hata mkwaruzo, wakapigwa watu wawili na viumbe wao wanaodansi. Ukiwa na kesi nzuri alafu ukaipeleka hivo, umeshindwa mwenyewe.

Mwezi huohuo kulikuwa na mfano wa upande wa pili. Mtengenezaji wa gemu inayoitwa DARQ alieleza kwamba Epic walimfuata na dili ya kufungia gemu, akakataa kwa sababu alikuwa ameshatangaza itakuja Steam na hakutaka kuvunja neno, akaomba basi auze Epic na Steam kwa pamoja. Epic wakasema hapana, ama sisi peke yetu ama basi. Watu wakampongeza sana na gemu ikapata jina. Ila kwangu la muhimu pale ni jibu la Epic, maana kama shida yako kweli ni makato makubwa ya Steam na unataka kuwasaidia watengenezaji, huyu hapa mtengenezaji anataka kuuza kwako kwa asilimia 12, unamkatalia kwa nini?

Na kabla mtu wa Steam hajaanza kujipongeza, kuna la 2004. Half-Life 2 ilitoka Novemba mwaka ule, na hata kama ulinunua boksi lenye diski dukani ilibidi uinstoli Steam na uwe na intaneti ndo uicheze. Intaneti ya 2004! Watu waliichukia Steam chuki ileile kabisa, eti programu ya kulazimishwa, inaharibika kila saa, nani ameiomba. Steam yenyewe iliingia majumbani kwa mlango huohuo wa gemu unayoitaka isiyopatikana kwingine. Tofauti ni kwamba Half-Life 2 ilikuwa gemu yao wenyewe, hawakuichukua kwenye rafu ya jirani, na hiyo tofauti ni kubwa, ila wakongwe waliosahau kabisa miaka ile huwa wananichekesha.

Valve kwenye mtafaruku wote huu walikaa kimya zaidi ya lile tangazo la Metro. Machi 2019 walileta mfumo wa kutambua wimbi la rivyu zisizohusu gemu yenyewe na kuziondoa kwenye hesabu ya alama, na rivyu za Borderlands zikawa za kwanza kukutana nao. Kwahiyo silaha kubwa ya mashabiki ilivunjwa na duka walilokuwa wanalipigania.

Ikawaje basi mwisho wake? Gemu zikaanza kurudi moja moja, Metro Februari 2020, Borderlands 3 Machi, The Outer Worlds Oktoba, na nyingi ziliuza vizuri tu zilipofika. Watu wakagundua kwamba kufungiwa mwaka mmoja maana yake unaipata makosa yake yakiwa yamesharekebishwa na bei imeshuka, na hasira ikageuka subira. Hiyo subira nadhani iliwaumiza Epic kuliko rivyu zote, maana mwenye hasira bado anakufikiria, aliyetulia ameshakusahau.

Kwenye nyaraka za kesi ya Apple ilionekana duka lilipata hasara ya kama dola milioni 181 mwaka 2019 na lilitegemea nyingine ya milioni 273 mwaka 2020. Pembeni ya hapo kulikuwa na namba ndogo iliyonivutia zaidi: gemu za bure. Miezi tisa ya kwanza walitumia dola milioni 11.6 kuwalipa wenye gemu ili wazigawe bure, na wakapata akaunti mpya kama milioni 5. Hiyo ni dola mbili na kidogo kwa kichwa. Hapo hamna aliyekasirika, hamna aliyevunjiwa ahadi, mnunuzi kwa mara ya kwanza kapewa kitu mkononi, na ilikuwa rahisi mno ukilinganisha na mamilioni ya kufungia.

Sweeney mwenyewe 2024 alikiri kwamba nyingi ya zile dili hazikuwa uwekezaji mzuri na kwamba gemu za bure ndo zilifanya maajabu. Wakabadilisha mbinu. Tangu Oktoba 2023 anayekubali kukaa Epic peke yake miezi sita anachukua asilimia 100 ya mauzo, hamna tena hela ya uhakika, na tangu Juni 2025 dola milioni 1 ya kwanza ya kila gemu kwa mwaka haikatwi kitu. Bado kuna gemu kama Alan Wake 2 ambayo kwenye kompyuta iko Epic tu, ila hiyo Epic ndo walioitolea hela ya kuitengeneza tangu mwanzo, na watu wananung'unika kidogo kidogo bila vita. Kuweka hela yako kitu kizaliwe na kuweka hela yako kitu kisifike kwa jirani, watu wanatofautisha bila kufundishwa.

Steam nayo ambayo Januari 2018 ilikuwa inajivunia watu milioni 18 kwa wakati mmoja, Machi 2025 ilipita milioni 40. Na Borderlands 4 ilipotoka Septemba 2025 ilikuwa Steam na Epic siku moja, bila tangazo la kufungia.

Mie Epic ninayo mpaka leo. Kila Alhamisi naifungua, nachukua gemu ya bure, naifunga. Zimefika mia na ushee saivi na nadhani nimecheza kama sita. Moja wapo niliipenda sana, na mwendelezo wake ulipotoka nikaenda kuununua Steam.